Rungu Jekundu la Mama Subiri

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioshuka asubuhi hii kwenye kituo cha Makaburini, familia inawashukuru. Mliomfahamu marehemu mnajua asingekubali tuanze kabla ya kuhakikisha kwamba kila mtu ameshafika na hakuna aliyebaki kwenye behewa. Tumehakikisha.

Marehemu, ambaye njia nzima ilimwita Mama Subiri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya Stesheni Kuu. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza njia na mama yake mshonaji. Nyumba yao ilikuwa imebanana na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe viligongana kabatini na mama mtu alisimamisha cherehani mpaka kishindo kiishe.

Wakati huo njia yetu hii haikuwa ya watu. Ilijengwa ili kubeba mawe kutoka Machimboni hadi mjini, na aliyetaka kusafiri alijipakia juu ya mawe akaomba Mungu. Baadaye yakafungwa mabehewa mawili ya abiria nyuma ya yale ya mawe, na mji ukaanza kuifuata reli. Palipokuwa na kituo pakawa na maduka, penye maduka zikaja nyumba. Stesheni Kuu, Darajani, Sokoni, Kati, Kiwanda cha Sabuni, Makaburini, Machimboni: marehemu aliimba vituo hivyo kabla hajajua kuhesabu, na alipobebwa mgongoni alidai viimbwe kwa mpangilio. Ukiruka kimoja, alilia.

Alianza shule mwaka 1960 katika shule ya msingi ya Sokoni, iliyokuwa ng'ambo ya pili ya reli. Alikuwa mtoto mwoga, wala hatutalificha hilo leo. Wenzake walivuka mbio wakicheka. Yeye alisimama kando, begi kifuani, mpaka apate mtu mzima wa kumshika mkono. Siku moja alichelewa, na mwalimu akamuuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa nasubiri treni ipite, mwalimu."

"Treni si imepita zamani? Sote tumeisikia."

"Ndiyo, mwalimu. Nilikuwa nasubiri ile nyingine."

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akakaa. Lakini baba yake alipoisimulia hadithi hiyo kwa mafundi wenzake, hakuna hata mmoja aliyecheka, kwa sababu wao walijua kwamba njia ilikuwa moja tu, na juu yake treni zilikwenda na kurudi.

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1970, na mwaka 1972 akaajiriwa kukata tiketi Stesheni Kuu. Miaka mitatu baadaye alipelekwa kituo cha Kati kuwa msaidizi wa mkuu wa kituo. Hapo inabidi tueleze kazi yenyewe, maana vijana waliokuja na treni ya leo hawajapata kuiona.

Kati ndipo treni zilipopishana. Kutoka Stesheni Kuu hadi Kati palikuwa na njia moja, na kutoka Kati hadi Machimboni vilevile. Ili treni mbili zisikutane uso kwa uso, kila upande ulikuwa na rungu lake la chuma, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. La upande wa mjini lilipakwa rangi nyeupe, la upande wa Machimboni nyekundu. Dereva asiye na rungu la upande ule hakuruhusiwa kuingia, hata awe amembeba waziri. Na kwa kuwa kila rungu lilikuwa moja tu, ukilishika ulijua kwamba mbele yako hakuna mwingine. Aliyelitoa alitaja rangi yake kwa sauti, aliyelipokea akaitaja tena, ndipo mkono wa kwanza ukaachia.

Hivyo ndivyo alivyokutana na mumewe. Mzee wetu huyu aliyekaa hapa mbele alikuwa dereva kijana, mwenye kofia ya kupinda upande na maneno mengi. Siku ya kwanza alinyoosha mkono dirishani akidhani atapewa rungu kama anavyopewa chenji.

"Jekundu," akasema marehemu.

"Asante, dada."

"Sikusema asante. Jekundu."

"Dada, nitachelewa mimi!"

"Subiri, basi. Ukisema, utakwenda."

Akasema. Na kuanzia siku hiyo alikuwa akilisema jekundu lile kwa sauti ya kubembeleza, abiria wakitoa vichwa madirishani kusikiliza. Walioana tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu, wakapewa nyumba ya reli palepale Kati, hatua chache kutoka jukwaani.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo yeye hakupenda lisimuliwe kama kisa, ila alitaka lisemwe leo. Mke na mume wakishazoeana, wanatajiana nini? Taratibu waliacha kutaja. Yeye alitoa, mume alipokea, wakaulizana habari za watoto. Mikono ilijua kazi, na vinywa vikapata nafasi ya mambo ya nyumbani.

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1984 mtoto wao wa pili alikuwa ameamka na homa kali, na jirani akampeleka zahanati ya Stesheni Kuu. Mume alipoingia Kati na treni yake, imejaa wanafunzi na wafanyakazi wa kiwanda, alimkabidhi mkewe rungu jeupe huku akipaza sauti, "Homa imeshuka! Nimemwona, anakunywa uji!" Mama wa watu akafurahi. Akasema alhamdulillahi, akafuta macho, akainua mkono, na kilichokuwa mkononi ni rungu lilelile jeupe alilopewa. Mume akalichukua. Mkono wa pili ukapunga bendera ya kijani kama ulivyozoea. Kwenye njia ya kupishana palikuwa na mabehewa ya mawe yaliyoachwa tangu alfajiri, na kwa jicho la haraka yalionekana kama treni ya kutoka Machimboni imeshafika.

Ilikuwa haijafika. Ilikuwa njiani, na rungu jekundu lilikuwa ndani yake.

Marehemu aliingia ofisini kutundika rungu. Akatazama mkono, mtupu. Akatazama ukutani, ndoano mbili, zote tupu. Alisema baadaye kwamba hakusikia hata sauti yake mwenyewe, ila mkuu wa kituo alisikia mlio akadhani ameungua. Alitambaa hadi kwenye simu, kweli alitambaa, akazungusha namba ya geti la Kiwanda cha Sabuni, pale barabara inapokatiza reli.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa masihara. "Haya, Mama Subiri, leo unataka tusubiri nini?"

"Simamisha treni!"

"Ipi?"

"Zote! Zote mbili! Zinakuja zote mbili!"

Masihara yakamkauka mdomoni. Alikuwa na bendera mbili nyekundu na miguu miwili tu. Getini palikuwa na mtu na baiskeli yake, amebeba magunia ya mkaa, hajui hili wala lile. Mlinzi alimtupia bendera moja, akayasukuma magunia chini. "Kimbia na reli upande ule, upunge! Usiniulize kitu, punga!" Yeye akakimbilia upande wa pili, akipiga mayowe.

Pale Kati hapakuwa na la kufanya. Hilo ndilo lililomuumiza maisha yake yote. Simu ilikuwa mkononi, upande wa pili hakuna mtu, na alichoweza ni kusikiliza. Mkuu wa kituo alimwambia, "Keti, mama." Hakuketi. Alisimama ameshika ndoano tupu ya ukutani, akihesabu watoto aliowaona madirishani, mmoja mmoja, kwa sare zao. Honi ikalia mbali. Ikajibiwa na nyingine. Kisha kimya, na hakujua ni kimya cha aina gani.

Zilisimama. Moja huku ya geti na nyingine kule, karibu kiasi cha madereva kutambuana sura. Mumewe alishuka akaliangalia rungu mkononi mwake, jeupe, akaingia majanini akatapika. Abiria walilalamika kwamba wanacheleweshwa kazini. Mwenye mkaa alidai magunia yake. Hakuna aliyejua, na marehemu alipoarifiwa kwa simu kwamba wote wazima, alianguka pale alipokuwa amesimama.

Alijishtaki mwenyewe makao makuu kabla ya kuulizwa. Wote wawili walisimamishwa kazi, kisha wakarudishwa. Mume alirudi akapona polepole. Yeye alirudi, ila kupona hakupona. Tangu siku ile aliishi roho mkononi. Honi mbili zikilia kwa kufuatana, kikombe kilimponyoka. Na kutaja hakukuishia tena kazini, kulimfuata hadi nyumbani. Ukimpa chumvi useme chumvi, naye aseme chumvi, ndipo uachie. Mtoto akipewa kisu kukata kitunguu, "Kisu," "Kisu, mama." Wageni walidhani ni mchezo. Siku ya kumwoza binti yake alimshikilia mkono pale mlangoni, asimwachie, mpaka mkwe alipotaja jina la bibi harusi kamili, la baba na la babu. Watu walicheka sana. Waliokuwa karibu waliona jinsi alivyoubana ule mkono, na mkwe anasema kwamba tangu siku ile hajawahi kumwita mkewe kwa mzaha.

Mwaka 2001 njia ilifanywa mbili na taa zikawekwa kila kituo. Marungu yakakusanywa. Wengi walishangilia, marehemu alipanda treni ya kwanza ya njia mbili na, ile ya pili ilipopita ubavuni kwa kishindo, alifumba macho akamkamata mumewe shati. Alistaafu mwaka 2008. Wakubwa walimletea saa ya ukutani. "Saa ninayo," akawaambia. "Nipeni lile rungu jekundu." Walihangaika kulitafuta ghalani, wakalipata limefunikwa na vumbi, na mkubwa aliyelileta akalazimika kulitaja mbele ya watu wote ndipo likapokewa.

Februari mwaka jana marehemu alipata kiharusi, kikachukua mkono wa kulia na ulimi. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa ugonjwa. Kwake ulikuwa kitisho kitupu. Muuguzi alimletea vidonge, akamwekea kiganjani bila neno, na marehemu akakodoa macho, akakunja ngumi, vidonge vikamwagika. Wakasema mgonjwa ni mkaidi. Mzee akainuka kwenye kiti.

"Si mkaidi, mwanangu. Mtajie. Mwambie ni nini unampa."

"Lakini hawezi kujibu, mzee."

"Atakubana kidole. Wewe mtajie, usubiri."

Muuguzi alitaja: dawa ya presha. Mkono wa kushoto ukambana. Toka hapo wodi nzima ilitaja: maji, uji, sindano, shuka. Alikuwa bado anaogopa, tulimwona, lakini alikuwa anaogopa akiwa na watu.

Siku ya tarehe 3 mwezi huu, mchana, daktari alituita kando akatueleza. Mzee aliinuka hapohapo. Alikwenda nyumbani kwa treni, akarudi na rungu jekundu kwenye mfuko wa sokoni. Marehemu alikuwa macho. Alikuwa akimwangalia mumewe kwa macho yale ya pale kwenye ndoano tupu, na sote tulijua anauliza nini: kama huko mbele njia iko wazi. Mzee si mtu wa kusema uongo kuhusu njia. Akamwambia, "Mke wangu, huko sijawahi kufika, siwezi kukudanganya. Lakini rungu hili hapa. Halina pacha. Ukilishika wewe, hakuna kitu kitakachokuja mbele yako." Akamwekea kwenye mkono wa kushoto, yeye mwenyewe ameshika ncha ya pili.

"Jekundu," akasema.

Akasubiri kubanwa. Macho ya marehemu yalikuwa juu yake, pumzi ikawa fupi, ikawa fupi zaidi. Muuguzi alipoingia alimkuta mzee bado ameinama, hajasogea.

"Mzee wangu, ameshakwenda. Mwachie."

"Hajajibu," mzee akasema. "Nitaachiaje, naye hajajibu?"

Ilibidi watoto wamfungue mzee vidole kimoja kimoja. Tangu siku hiyo hajala vizuri, na kila akikaa anasema neno hilohilo, kwamba amemruhusu mkewe kuingia njiani kama alivyoruhusiwa yeye mwaka ule, bila kutajiana. Hofu aliyoishi nayo marehemu kwa miaka yote hiyo sasa imehamia kwake.

Marehemu ameacha mume. Watoto watatu, yaani kifungua mimba ambaye ni fundi umeme, binti ambaye ni mwalimu na ndiye aliyekuwa na homa siku ile, na kitindamimba ambaye ni dereva wa njia hii na ndiye aliyetuleta leo, taratibu mno, kama mlivyoona. Wajukuu, dada yake mmoja, na mlinzi wa geti, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena lakini amekuja, na kwetu ni ndugu.

Kuna jambo moja tunawaomba kabla ya udongo. Hapa tulipo, kati ya Kiwanda cha Sabuni na Machimboni, ni upande wa rungu jekundu. Mzee atasogea, atalishusha kaburini, na atalitaja. Marehemu hawezi tena kujibu. Tunaomba mjibu ninyi, wote kwa pamoja na kwa sauti, wazee kwa watoto, mpaka mzee asikie, mpaka aweze kufungua mkono wake. Msione haya.

Na akishaachia, apumzike Mama Subiri. Njia ni yake peke yake.