Halvor Amepumzika Mpaka Amechoka

Ardis: Haloo? Nani mwenzangu?

Halvor: Mimi, jirani. Halvor.

Ardis: Ee, msafiri. Nilidhani jua limeshakuyeyusha. Hujambo huko kisiwani?

Halvor: Sijambo. Za Minnesota?

Ardis: Nzuri tu. Thelathini chini ya sifuri. Leo mlango wa gari umegoma— [mkwaruzo] —unanisikia?

Halvor: Nakusikia. Upepo wa bahari huu. Nimepiga kuulizia mabomba yangu.

Ardis: Uliyaulizia jana. Na juzi. Nimeacha maji yadondoke kidogo kama ulivyoagiza, hayajaganda. Wewe je, unapumzika? Daktari alisema moyo wako unataka miezi miwili ya kukaa tu.

Halvor: Nimepumzika mpaka nimechoka, mama. Hapa chakula cha jioni ni saa kumi alasiri. Kisha wageni wenzangu wa Iowa wanakaa kuunganisha picha ya vipande elfu moja. Picha yenyewe ya theluji.

Ardis: [anacheka] Na asubuhi?

Halvor: Asubuhi naamka saa kumi na moja, mazoea. Upepo unajaza mchanga mlangoni, basi nachukua beleshi—

Ardis: Umesafiri na beleshi?

Halvor: Nimelinunua huku. Nasafisha njia yangu, halafu ya mama mmoja hapa jirani. Mjane.

Ardis: Mjane gani?

Halvor: Wa Iowa. Jirani tu.

Ardis: Amekupa kahawa?

Halvor: Alinikaribisha, nikamwambia asijisumbue. Akanikaribisha tena, nikakataa tena.

Ardis: Na mara ya tatu?

Halvor: Nilimwona anafungua mdomo, nikakimbia na beleshi langu. Ya tatu lazima ukubali, hata mtoto anajua. Ukikataa ni tusi.

Ardis: Mwanamume wewe una mambo. Tangu mume wangu Clarence afariki, miaka kumi na moja unanisafishia njia theluji, na kahawa yangu hujaionja hata tone.

Halvor: Ulikuwa unanikaribisha mara mbili tu.

Ardis: Ulikuwa umeshavuka barabara. Nikufuate na gauni la kulalia?

Halvor: Siku hizi nani anakusafishia?

Ardis: Lowell.

Halvor: Yule wa mashine ya kuondolea theluji?

Ardis: Huyo huyo. Inanguruma mtaa mzima ujue kaja. Akimaliza anaingia jikoni na viatu vyake, anajimiminia kahawa. Sijamkaribisha hata mara moja.

Halvor: Hana adabu.

Ardis: Hana. Lakini ananywa, Halvor. Anakaa, anaongea. Sasa anataka Jumapili tukae naye meza moja, kwenye chakula cha kanisa. Mbele ya watu wote. Unajua maana yake, watu watatuhesabu wachumba.

Halvor: Najua.

Ardis: Yuko hapo nje sasa hivi. Akimaliza theluji anataka jibu.

Halvor: [mkwaruzo] Ardis... huku kuna joto.

Ardis: Uliniambia.

Halvor: Na pana chumba kitupu, upande wa pili. Ungekuja na wewe ukapumzika.

Ardis: Aa, usijisumbue.

Halvor: Si usumbufu. Kuna ndege Jumamosi. Njoo.

Ardis: Hapana bwana, nitakuwa mzigo tu.

Halvor: Haya basi. Siwezi kukulazimisha. Nisalimie—

Ardis: Halvor.

Halvor: Naam.

Ardis: Hesabu.

Halvor: Nihesabu nini? Simu inalia, chaji inakwisha—

Ardis: Nimekataa mara ngapi?

Halvor: Mbili.

Ardis: Na mashine imezimwa. Namsikia anakung'uta viatu kibarazani.

Halvor: Ardis, njoo. Nataka uje. Mabomba yalikuwa kisingizio tu. Moyo haupumziki huku bila wewe, na daktari aseme atakalo.

Ardis: Nitakuja. Jumamosi.

Halvor: Kweli?

Ardis: Kweli. Na kahawa utakunywa, nikiuliza mara moja. Ngoja, anagonga. Leo amegonga, ajabu.

Halvor: Lakini njia yako, Ardis— ukiwa huku nani ataisafisha?

Ardis: Iache ijae theluji. Kwaheri.