Benchi la Wanandoa: Mzee Joram Shitanda Aachia Dawati

Ijumaa tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mzee Joram Shitanda ataondoka kwenye dawati la kufungulia akaunti katika tawi letu la Kisumu. Benki ilimwajiri akiwa kijana aliyetoka Butere na koti moja. Anaondoka na makoti mawili, ushahidi tosha wa jinsi benki inavyowajali watu wake.

Alianzia chumba cha mafaili, akapanda hadi dirisha la fedha, kisha akafika dawati la akaunti na kukataa kusogea. Alipewa cheo mara mbili akakikataa. Mara ya tatu hakuulizwa.

Sifa yake kuu ni mwendo. Siku hizi simu hufungua akaunti kabla chai haijapoa. Mzee Shitanda, akiletewa mume na mke wanaotaka akaunti ya pamoja, hasa mmoja akiwa mgeni wa nchi, aliwakalisha kwenye benchi kando ya mashine ya fotokopi, kisha akaenda kupanga klipu. Sisi wenye shahada tulijua sababu: uvivu. Tulikosea, ingawa si sana.

Kumbe alikuwa akisikiliza. Kwa imani yake, watu waliooana kwa ajili ya pasipoti hawagombani. Huitana mpenzi na kupishana kwa adabu kama wageni kanisani. Waliooana kweli, ukiwasubirisha vya kutosha, wataanza kulaumiana. Mbinu hii haikufundishwa kwenye semina yoyote, labda ndiyo maana ilifanya kazi. Ilimwangusha mara moja tu, alipowakatalia Mama Nabututu na mumewe Mjerumani, waliokaa benchini asubuhi nzima kimya. Baadaye ilibainika kwamba hawakuwa bado na lugha moja ya kugombania. Mzee aliwafuata hadi nyumbani kwao kuomba radhi, akachelewa kurudi, akakatwa mshahara. Benki haikosi kutambua juhudi.

Mwaka jana walikuja Debra Ajwang, muuza samaki wa Dunga, na mumewe Sydney, Mzambia anayetengeneza injini za boti pale pale ufukweni. Uhamiaji walitaka kuona akaunti ya pamoja ndipo wampe Sydney kibali cha kuishi na mkewe. Benki yetu nayo, kwa busara yake, ilitaka kuona kibali ndipo ifungue akaunti. Ofisi mbili zilisimama mlangoni, kila moja ikimwambia mwenzake atangulie. Ruhusa ya Sydney ya kuwa nchini ilikuwa inaisha Ijumaa. Debra alikuwa na mimba ya miezi tisa kasoro siku chache.

Mzee aliwakalisha benchini. Tulisikia wote.

“Nilikuambia ubebe zile picha,” Debra alisema.

“Ulisema ziko kwa pochi yako.”

“Pochi gani? Hiyo ya brauni imeharibika zipu, na ni wewe ulisema utapeleka kwa fundi.”

“Fundi amefunga.”

“Tangu Pasaka, Sydney?”

Mzee aliacha klipu zake. “Hawa wameoana,” alitangaza. “Watu wa kuigiza hawawezi kugombana kwa utulivu namna hii.”

Kanuni zetu zina kipengele cha kumi na nne, kinachomruhusu ofisa kumdhamini mteja kwa jina lake mwenyewe. Mambo yakiharibika, ofisa ndiye hulipa, mafao ya kustaafu yakiwemo. Kiliandikwa kwa imani thabiti kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayekitumia, na kwa miaka yote hakuna aliyekitumia.

Meneja wetu, Bwana Byron, alimvuta kando. “Mzee, umebakisha mwaka. Si umwachie Mungu?”

“Mungu hana muhuri wa tawi hili, Bwana Byron.”

Akatia sahihi. Akaunti ilifunguliwa Jumatano, Uhamiaji wakapokea karatasi Alhamisi, na Sydney hakupanda basi la kuondoka. Makao makuu, yaliyokuwa yamekaa miezi bila kujibu swali letu hata moja kuhusu wanandoa wa mataifa mawili, yalijibu safari hii kwa kasi ya kutia moyo: barua ya onyo, na mafao ya Mzee kusimamishwa hadi uchunguzi ukamilike. Ulikamilika wiki iliyopita. Haukupata kosa, na haukuomba msamaha.

Mtoto alizaliwa alfajiri, baba yake akiwa mlangoni mwa wodi, akaitwa Akinyi kama ilivyo desturi ya huku kwa msichana wa asubuhi. Mzee anasema hakutarajia kabisa mtoto aitwe kwa jina lake yeye. Amelisema hilo mara nyingi.

Mzee Shitanda, asante kwa kutuchelewesha. Tunakuombea mvua ya wakati huko Butere, magoti yasiyouma, na majirani wasiojua kwamba uliwahi kufanya kazi benki. Mafao yako tumehakikisha yameingia. Na atakayekalia kiti chako kuanzia Jumatatu amekisoma kipengele cha kumi na nne mara kadhaa, na anakiogopa inavyostahili.