Pakiti ya Tishu Kwenye Basi la Bedok

Mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa ameweka pakiti ya tishu juu ya kiti cha kando yake, kama tunavyoshika nafasi mezani huku Singapuri kabla ya kwenda kununua chakula. Mama mmoja wa Kimalei, mwenye kapu la mboga, aliitazama. "Anko, hili ni basi, si mgahawa. Nani anakuja?"

"Hakuna, anti. Mazoea tu. Keti." Akaiondoa, kisha akamwonyesha picha ya msitu kwenye simu. "Mwezi ujao nakwenda misitu ya Sarawak, kule Malaysia, ndani kabisa. Hakuna watalii, ni mto na ndege tu."

"Peke yako?"

"Nimelipia wawili. Marehemu mke wangu ndiye aliyepachagua. Alichoka na watu."

"Pole, anko. Lakini nenda Bali bwana, ukasukumane na watalii wenzako! Mkeo aliwakimbia watu akiwa na wewe. Wewe utakuwa na nani huko?"

Niliona swali hilo ni la haki.

Kituo cha mwisho mama alishuka na kapu lake. Mzee aliirudisha pakiti kwenye kile kiti, akabaki ameketi. Dereva alikwisha kuzima injini.