Noeli Sila na Albamu Iliyodhaniwa Msiba

Baada ya miaka ishirini na saba kwenye maikrofoni ya Redio Uwanda, Noeli Sila anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo na ya minada ya ng'ombe, akapanda hadi taarifa ya habari, na tangu 2016 ana kipindi chake cha Jumatano asubuhi, Wimbo na Maneno Yake. Hajawahi kuchelewa kufika kazini. Kuondoka ndiko alikochelewa, maana mazungumzo ya getini hayakumwisha.

Kipindi hicho kilizaliwa kwa kosa. Mwaka huo Abuu Mustapha, mpiga gitaa wa Kondoa, alituletea albamu yake, Njia ya Kolo: nyimbo tisa za gitaa na zeze, zote za huzuni. Hakuna kituo kilichokuwa kimeipiga. Noeli aliipenda, akaona heshima inayoistahili ni kuipiga yote mfululizo, bila neno wala tangazo la biashara.

Alisahau jambo ambalo kila msikilizaji analijua: redio ikipiga nyimbo za huzuni mfululizo na mtangazaji kanyamaza, taifa lina msiba. Kabla ya wimbo wa nne, baa moja Ipagala ilikuwa imezima muziki wake, na huko Mkonze kamati ya harusi ya majirani zake Noeli ilikuwa imesimamisha pilau. Bi Mwanahawa wa Nzuguni alimpigia simu Ritha wetu wa mapokezi: "Mwanangu, nimeshakaa chini. Niambie tu, ni nani?"

Uongozi haukucheka. Noeli alipewa Jumatano moja ya kurekebisha mambo. Ikishindikana, albamu inaondolewa na Abuu anarudi nayo Kondoa. Siku ilipofika, alifungua maikrofoni akasema: "Habari za asubuhi. Hakuna aliyefariki. Ni mapenzi tu."

Kisha akaeleza wimbo wa tatu. Mwanamume ameachwa na mkewe, aliyeondoka kwa lori. Tangu hapo, kila vumbi likitimka barabarani, bwana huyu huvaa shati safi. Wimbo unaisha hivi: "Vumbi limetulia, shati nalivua." Noeli alisema mwimbaji hataji machozi popote, kazi yote vinaifanya vile vifungo vya shati, kufungwa na kufunguliwa. Ndipo akaupiga.

Bi Mwanahawa akapiga simu tena, safari hii kuuliza kama mke alirudi. Noeli alimjibu kwamba wimbo hausemi.

"Basi upige tena, baba. Pengine leo atarudi."

Ukapigwa tena, na albamu ikabaki. Abuu amekwisha kurekodi nyingine mbili. Siku hizi hata maharusi wa Mkonze huuomba wimbo huo, jambo ambalo Noeli mwenyewe ameshindwa kulieleza.

Kwa haki, tuseme pia kwamba hajui kuimba. Alijaribu kwenye sherehe yetu ya mwaka mpya, na mlinzi akaja mbio kuangalia kuna nini.

Kipindi kinaendelea. Ritha, aliyepokea simu zote zile, atakiongoza, na Noeli amemwachia sharti moja: maneno kwanza, wimbo baadaye.

Ahsante kwa kazi, Mzee Sila. Afya iwe yako, na mizabibu yako ya Mkonze izae vizuri. Barabara ya kwako bado haina lami, kwa hiyo Jumapili utaliona vumbi letu mapema. Vaa shati safi, na usilivue. Tunafika.