Kahawa Mkononi mwa Benadeta Kokuhirwa

Tunayemsindikiza leo hapa Nyakatuntu ni dada yangu, Benadeta Kokuhirwa, mtoto wa kwanza wa Mzee Mutabazi. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 huko Nyakasimbi, wilayani Karagwe, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1981. Mimi Nolasco, mdogo wake, alinifundisha kusoma kabla sijaanza shule.

Julai 1988 alifunga ndoa kanisani na Jovin Kashaija, wakaishi hapa wakilima migomba na kahawa. Siku Jovin alipokuja kujitambulisha kwetu, dada alimpa akamwani, kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote. Kwa woga akazimeza punje zote bila kutafuna. Shemeji alitaniwa kwa hilo hadi mwaka jana.

Soriasisi ilimwanza mwaka 1996. Mikono ilitoka magamba, ikapasuka. Ugonjwa huo hauambukizi, lakini wageni wakaanza kuikataa kahawa yake, wakidai wametoka kutafuna kwingine. Baadhi yenu mpo hapa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Katika hospitali moja ya Mwanza, mwaka 2009, alipewa vidonge vya kuifanya ngozi ipokee jua zaidi, na muda maalumu wa kukaa juani. Mikono ikatakata. Akaambiwa aache vidonge, na arudi kila mwaka kukaguliwa ngozi. Hakuacha, wala hakurudi. Aliendelea kuagiza vidonge kutoka ng'ambo ya mpaka, akimeza na kushinda uani akigeuza kahawa kwenye jamvi.

Mwaka 2023 kidonda kwenye mkono wa kulia kilibainika kuwa saratani ya ngozi. Daktari alimweleza kwamba tiba ile ikitumiwa kwa miaka mingi huongeza hatari hiyo, ndiyo maana ina kipimo. Dada alimjibu, "Daktari, watu walikuwa wameanza kupokea mkono wangu."

Alifariki nyumbani tarehe 2 Machi 2025. Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu sita. Kitinda mimba wake, Adela, ana soriasisi pia, na tangu mama yake augue ameacha dawa zote kwa hofu. Wiki ya mwisho dada alimwambia mbele yangu, "Rudi hospitali, mwanangu. Utibiwe, na wakukague ngozi. Usijitibu uani kama mimi."

Dada aliacha agizo moja kwenu. Tukishamzika, Adela atapita na kikapu cha akamwani, mikono wazi. Pokeeni kutoka mkononi mwake, mtafune. Hapo Benadeta atapumzika kwa amani.