Ng'ombe wa Jumatatu

Fungeni mlango, wanangu, na wewe Danieli zima hiyo simu, maana pumzi niliyonayo ni ya kusema mara moja tu. Mwenyekiti wa kijiji, kaa hapo karibu, uandike kama nitakavyosema. Mimi Rogathe nina akili zangu zote. Mwanangu mkubwa, huyu Danieli, amepanda kutoka Same na karatasi mfukoni, anataka niweke dole gumba kwamba mdogo wake Paschal ni mwendawazimu, na sehemu yake ya shamba aishike yeye. Siweki. Irudishe mfukoni.

Sikilizeni ugonjwa wa Paschal ulikotoka. Alikopa kwenye kikundi cha kule Hedaru apande tangawizi, tangawizi ikaoza ardhini, na marejesho ni kila Jumatatu, ioze isioze. Akaacha kulala. Akisikia pikipiki inapanda mlima anakimbilia kwenye migomba, hata kama ni ya mchungaji. Zamu yake ya maji ikifika haendi kufungua ndiva, kwa sababu pale bwawani kuna watu, na watu wana macho. Wewe Danieli ukawaambia watoto wake, "Mwangalieni baba yenu, amekuwa digidigi." Nilikusikia. Nilikuwa jikoni, sikuwa kaburini.

Halafu mkaenda kwa mganga, wewe Danieli, mzee wa kanisa, na wewe binti yangu Beatrice ukatoa nauli. Akawaambia mizimu ya babu yenu inataka damu. Mkaja mkamchinja ng'ombe wa Paschal, mwenyewe amelala amegeukia ukutani. Hakuna aliyeuliza maziwa yalikuwa yanakwenda wapi. Jenifer, mke wake, alikuwa anawauzia walimu, na ile hela ndiyo ilikuwa inalipa Jumatatu. Mlikwenda kumtibu mtu mkamkata mkono. Ini ulikula wewe, Danieli, na ukaomba chumvi.

Wiki ileile wenye kikundi wakaja wakabeba godoro na masufuria. Siku ya pili yake Jenifer alimkuta mumewe nyuma ya zizi ameshika kamba ya ng'ombe. Hakupiga yowe. Aliketi chini kando yake na ungo, akamwambia, "Baba Tumainieli, nisaidie kuchambua haya maharage." Wakachambua mpaka jua likawa kali, na kamba ikabaki chini. Kisha akampeleka hospitali, na muuguzi hakumuuliza amelogwa na nani, alimuuliza, "Kaka, unadaiwa?" Paschal akalia kama mtoto. Akapewa dawa, akaambiwa dawa italeta usingizi, lakini lile deni lazima ndugu wakae walizungumze. Ndugu! Ndugu mmeleta karatasi. Wilbard, jirani tu, miezi miwili anafungua maji ya Paschal kwenye zamu yake na hajawahi kumtajia mtu.

Sasa andika, mwenyekiti. Shamba la Paschal ni la Paschal, akiwa mzima au mgonjwa. Kile kipande cha karibu na ndiva, nilichokuwa nimemwekea Danieli, auziwe Wilbard. Deni lilipwe lote kwa hela hiyo, na anayekwenda kulilipa ni Danieli mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya kikundi. Usinikatize, Danieli! Umezoea kusema kanisani, hapa ni kwangu. Beatrice, wewe utanunua godoro. La maana, si lile lenu la kubonyea.

Nipeni maji... Wewe acha. Jenifer anipe.

Paschal, sogea, lete kichwa hapa. Mungu akupe usingizi, baba. Mungu akupe... Jumatatu zipite kama siku nyingine. Beatrice, ubarikiwe, ila uwe unauliza kabla hujatoa nauli. Wajukuu wote, mikono yangu iwafikie.

Danieli. Baraka yako sikupi. Nimemwachia Jenifer. Siku utakayoingia uwanjani kwake unavuta ng'ombe mwenye ndama... atakuwekea mkono kichwani... atakubariki kwa jina langu. Na akikwambia subiri, usubiri. Nje.

Jenifer, mama... umesikia? Usiwe na haraka naye.