Aproni ya Meja

Asikudanganye mtu: mambo mazito ya nchi hii hayakuwa yakiamuliwa Nairobi. Yalikuwa yakiamuliwa Kaloleni, Kisumu, juu ya taruma la reli lililolazwa kwenye mawe mawili mbele ya nyumba za kaunsili, pale Bildad, mtu wa Nyeri, alipouzia kahawa yake ya tangawizi. Mwaka ule wa themanini na saba, mvua fupi zikianza kunukia, benchi liliacha mpira na siasa likashughulika na kondoo mmoja dume, jina lake Meja. Mwenyewe alikuwa Joram, mstaafu wa reli aliyefiwa na mke, na toka Pap Onditi mpaka Awasi hukupata dume wa kumfikia Meja hata bega. Akina mama wenye majike matatu au manne hawana haja ya kufuga dume wao, kwa hivyo Meja alizungushwa boma kwa boma. Akiwa njiani alivalishwa aproni ya turubai chini ya tumbo, asigawe kazi ya bure kwa kondoo wa barabarani. Kifuani alipakwa udongo mwekundu uliokorogwa na grisi, ili kila jike aliyepandwa abaki na alama mgongoni. Na kamba ya aproni Joram aliifunga fundo la reli, fundo ambalo, kwa maneno yake, hata gavana wa mkoloni angelikuta angeliomba radhi.

Jioni moja Agneta, muuza nyanya, aliteremka kwenye pikapu iliyotoka Awasi, akaacha makreti yakishushwa, akaja kukaa benchini.

— Joram, nimekuletea habari ya kondoo yako. Dorca anasema anakula vizuri, analala vizuri. Lakini migongo bado safi.

— Safi aje?

— Safi kabisa, baba. Majike yote. Hakuna hata tone ya nyekundu.

Joram akaweka kikombe chini. Hilo silo alilotaka kuuliza. Alitaka kuuliza kama Dorca bado hufunga kile kitambaa cha kijani kichwani, na kama alicheka alipolitaja jina lake.

Dorca alikuwa mjane, mwenye majike matano na mdomo mwepesi. Mwaka uliotangulia Joram alimpelekea Meja kwa mkono wake mwenyewe, akamvua aproni, akanywa chai mpaka birika likalia utupu. Wakati wa kuaga akasema, macho yakiwa kwenye migomba, kwamba nyumba yake ya Kaloleni ina vyumba viwili na mtu mmoja. Dorca akacheka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaenda kufungia kuku. Kicheko kile Joram alikuwa amekitafuna mwaka mzima na bado hakijalainika. Ndiyo maana safari hii alimtuma Meja kwenye pikapu ya Agneta, akaapa mbele ya benchi zima kwamba hakanyagi Awasi mpaka Dorca amrudishe dume yeye mwenyewe, kwa sababu kanuni ni kanuni: aliyeazima ndiye hurudisha. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa mwisho wa benchi, upande unaotazama barabara ya magari ya Awasi, na ole wake aliyekalia nafasi hiyo.

— Hiyo ni chumvi, akasema Oduor, aliyeitwa Daktari kwa sababu zamani aliwahi kumshikia tochi daktari wa mifugo. Kondoo ikikosa chumvi inasahau. Inaangalia jike, inajiuliza, hii nilikuwa naifanyia nini?

— Chumvi gani, Daktari? Agneta akasema. Dorca anamwekea chumvi na majani ya viazi. Ananenepa kama karani.

— Basi ndiyo hiyo! Amenenepa sana. Dume mnene ni kama mzee wa kanisa, anapenda kukaa mbele na kusinzia.

— Nyinyi hamjui kitu, akaingilia Zacchaeus, ambaye jina lake la benchini lilikuwa Redio, kwa kuwa hakuzimika. Shida si Meja. Shida ni majike. Dorca ameokoka, sivyo? Na majike yake yameokoka. Kila asubuhi yanasikia nyimbo. Meja akisogea, yanamwangalia hivi, kwa huruma, yanamwombea.

— Uwi! Agneta akajipiga paja.

— Unacheka? Nilikuwa na kondoo mimi, Muhoroni. Alikuwa hali Jumapili.

— Alikuwa hali kwa sababu hukumpa, Bildad akasema, akimimina.

— Bildad, wewe uza kahawa. Joram, omera, ndugu yangu, sikia. Huyo kondoo amefika Awasi, ameona malori ya Kericho yanapita na majani chai. Amepata mawazo. Mwili uko kwa Dorca lakini roho iko Kericho. Utasikia amekuwa meneja wa shamba.

— Akiwa meneja atatuandika kazi, akasema Daktari.

Joram hakucheka. Wenzake walidhani ni uchungu wa dume. Na kweli uchungu wa dume ulikuwepo, kwa kuwa kila mtu wa bonde la Kano anajua hesabu ile: majike yakishika mimba Oktoba, watoto wanaanguka Machi, na mafuriko ya Mei yanawakuta na miguu ya kukimbilia juu. Ukichelewa, wanazaliwa ndani ya matope. Oktoba ilikuwa inaisha. Dorca angepoteza watoto wa mwaka mzima, na mwaka ujao angetafuta dume kwa watu wengine, huko Ahero au wapi, na barabara ile haingekuwa na sababu tena ya kutazamwa.

— Hakusema kitu kingine? akauliza, sauti ikiwa chini.

— Nani, kondoo?

— Agneta, usinichezee.

— Aliuliza kama wewe ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, anakunywa kahawa tu. Akaenda kuchota maji.

Mwisho wa pili wa benchi alikuwa amekaa kijana wa posta, Gordon, aliyehamia nyumba ya nyuma wiki hiyo hiyo. Alizaliwa mjini, kondoo alimjua zaidi akiwa kwenye sahani. Alikuwa amesikiliza kwa adabu, kikombe kimepoa mkononi.

— Samahani wazee, akasema. Mimi sijui hizi mambo. Huyo Meja, hiyo aproni yake... nani alimvua?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu Uhuru, alizimika. Bildad alibaki ameinamisha birika, kahawa ikijaa, ikamwagika mpaka kwenye sahani.

— Agneta, akasema Joram taratibu. Ulipomshusha...

— Mimi? Mimi ni wa nyanya! Fundo lako lile nani angegusa? Si ni wewe uliapa, hapa hapa, hukanyagi Awasi?

— Kwa hivyo bado amevaa.

— Amevaa. Mimi nilidhani unajua.

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka stesheni. Redio alishuka kwenye benchi akakaa chini kabisa. Daktari alilia machozi, akisema maskini Meja, mwezi mzima katikati ya karamu na mdomo umeshonwa. Lakini Bildad, ambaye hakuwa na haraka na kitu chochote, aliuliza:

— Sasa huyo mama si anaona? Anafuga kondoo miaka yote. Si angekata tu kamba na kisu?

— Kisu anacho, Agneta akasema. Hata mimi nilimwambia, mama, si ukate hiyo kitu, mnyama anateseka. Akasema hapana. Akasema fundo lina mwenyewe, na mwenyewe anajua njia.

Kicheko kikafa chenyewe. Joram aliangalia mikono yake, mikono mikubwa iliyounganisha mabehewa miaka yote ile. Kisha akasimama, akavuta koti, akachomekea shati kama mtu anayeitwa ofisini.

— Hiyo pikapu inarudi saa ngapi?

— Sasa hivi. Wakimaliza kushusha.

— Joram, kiapo je? Daktari akauliza.

Joram alikuwa tayari anapanda nyuma ya pikapu, kati ya makreti matupu, uso ukielekea Awasi. Kahawa yake ilibaki pale chini, imepoa. Gari lilipoanza kusogea wakaviona vidole vyake vikitembea hewani mbele ya kifua, vikipita huku, vikirudi kule, vikilifungua fundo ambalo halikuwepo.

— Omera! Redio akapiga kelele. Na ukishindwa kulifungua?

— Basi nitakaa huko mpaka nilifungue!